Mama Hakushindwa Kutembea, Alishindwa na Mashine

 

Leo sina mapishi wala mambo ya ngozi. Nina jambo limenikaa kooni tangu mfungo sita, na nikilinyamazia naona kama nawadhulumu wenzangu ambao wazee wao wanajiandaa kwenda Hija. Jambo lenyewe ni kipimo: kile cha pumzi na miguu, cha kumwambia mtu mwili wake una uwezo kiasi gani.

Mama yangu ana miaka 66. Amekuwa akiweka fedha za Hija tangu mdogo wangu wa mwisho yuko skuli ya msingi. Fedha za mandazi, za upatu, za kanga alizokuwa akikopesha majirani na kulipwa shilingi mbili mbili. Mwaka huu kaka yangu aliyeko Maskati akasema atamalizia zilizobaki. Mama alisujudu pale pale ukumbini. Ila kaka akaweka sharti moja, na si sharti baya: mama apimwe kwanza, asije akaanguka nchi za watu.

Nikampeleka mahala pa kulipia, sipataji. Tukafika saa tatu asubuhi, mama kavaa buibui lake la kutokea na viatu vya wazi. Kijana mmoja akatuingiza chumba kidogo chenye baridi kali, ndani yake imesimama tredimili, ile mashine ya mkanda unaozunguka. Mama akavuliwa viatu, akapewa raba zilizokuwa pale ndani, kubwa kwa namba moja. Buibui likatoka, akabanwa waya kifuani, na mwanamke wa kumsaidia hakuwepo mpaka nilipoomba mimi niingie. Mapigo ya moyo wake kabla hajaanza chochote yalikuwa 104. Nimeyaona kwenye kioo kwa macho yangu. Mtu amesimama tu!

Mkanda ukaanza. Dada zangu, mama yangu hajawahi kupanda hata ngazi za umeme za uwanja wa ndege. Ardhi ilipomtoroka chini ya miguu alishika vyuma kwa mikono miwili kama mtu aliyeko kwenye ngalawa, magoti kayakunja, macho chini. Dakika mbili na sekunde kumi akasema, "Niteremsheni, wanangu." Hakuwa anahema. Alikuwa anatetemeka.

Karatasi tuliyopewa iliandika kwamba uwezo wa mwili ni mdogo sana, na kwamba safari ifikiriwe upya. Nikaipiga picha nikamtumia kaka. Baada ya saa moja akajibu: basi mama asiende, tutafute mtu wa kumhijia. Mama hakusema neno. Jioni nikaona lile begi alilokuwa ameshaanza kulipanga limerudi uvunguni mwa kitanda.

Sasa niwaambie mama yangu ni nani. Kila siku ya Mungu anatoka Kikwajuni kwenda Darajani kwa miguu, anarudi na kikapu. Akikosa samaki anaowataka, anakwenda tena jioni. Mtu huyo ndiye aliyeandikiwa kuwa hana uwezo.

Nilikasirika, na mie nikikasirika husoma. Nikasoma usiku, nikauliza wanaojua, nikampata bi mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mzima, wa umri wa shangazi yangu, akanifungua macho. Nitakayoyasema hapa mengi nimeyapata kwake au kwenye miongozo aliyonielekeza. Hasira ni zangu.

Kipimo alichopewa mama kinaitwa Bruce, kwa jina la daktari wa moyo Robert Bruce wa Seattle, Marekani, aliyekitangaza mwaka 1963. Kina ngazi za dakika tatu tatu. Ngazi ya kwanza mkanda unakwenda kilomita 2.7 kwa saa, ambao ni mwendo wa pole kabisa, lakini umeinuliwa asilimia 10. Maana yake kila ukienda mita 100 ni kama umepanda mita 10. Ngazi ya pili ni kilomita 4 kwa saa na mwinuko wa asilimia 12, ya tatu kilomita 5.5 na asilimia 14, na kuendelea hivyo hivyo mpaka mtu aseme basi. Hebu niambieni, ukiondoa Masingini, hapa Unguja mama yangu ataupata wapi mwinuko kama huo? Kisiwa chetu tambarare kama sinia.

Lakini mwinuko si kosa. Kipimo kile kilitengenezwa makusudi kuusukuma moyo mpaka uonyeshe siri yake huku umeme wake ukisomwa. Daktari anataka kuona je, moyo ukifanya kazi nzito, damu inaufikia ya kutosha au mishipa imeziba? Kwa hiyo lazima uuchoshe. Wengi hutumia hesabu ya 220 kutoa umri, kisha hulenga angalau asilimia 85 ya hapo. Kwa mama yangu ni 154, na asilimia 85 yake ni 131. Yeye aliteremshwa akiwa na 118, na kati ya hizo 104 alikwenda nazo mwenyewe kwa woga na baridi.

Hapa ndipo penye kosa, na nataka mulishike vizuri. Mtu akiteremka kwenye mashine kwa woga kabla moyo haujafika unakotakiwa, kipimo kinakuwa hakikukamilika. Hakijasema mishipa mizima, hakijasema mibovu. Na kama kilichomsimamisha si pumzi wala miguu, basi hakijasema lolote juu ya uwezo wa mwili wake pia. Ilikuwa iandikwe hivyo: hakikukamilika, mgonjwa hajazoea mashine. Hayo ni maneno machache tu, na yangemwacha mama na begi lake juu ya kitanda. Tena kuna kipimo cha Bruce kilicholainishwa, kinachoanzia bila mwinuko wowote kisha asilimia 5 kabla ya kufika hiyo 10, kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Na kuna kitu rahisi zaidi ya hicho: kumwacha mtu aizoee mashine kwanza, siku nyingine, bila waya.

Yule bi akaniambia, "Mlete mama kwangu, nina korido."

Nikadhani ananitania.

Korido yenyewe ni ile ya kawaida ya spitali, sakafu ngumu, tambarare, urefu wa mita 30. Mwanzo koni, mwisho koni, na kila mita tatu alama ya chaki ukutani. Pembeni kiti. Mama akaambiwa akae kwanza kama dakika kumi, akatiwa kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni na mapigo, akapimwa presha. Buibui halikutoka. Viatu alivaa vyake, mara hii raba alizozizoea. Akaelezwa: utatembea kwenda na kurudi kwa dakika sita, mwendo wako mwenyewe, lengo ni kwenda mbali kadiri uwezavyo bila kukimbia. Ukichoka punguza. Ukitaka simama, egemea ukuta, pumzika, kisha endelea, ila saa haisimami. Basi. Kipimo chote ndicho hicho. Tepu, koni mbili, saa na kiti, na umeme ukikatika munaendelea.

Mie, kwa mapenzi, nikaondoka naye bega kwa bega. "Twende mama, twende, usimame imara." Bi akanikatisha. "Mwanangu, kaa kwenye kiti." Nikahisi uso umewaka. Baadaye akanieleza: ukitembea na mtu, unampa mwendo wako. Ukimshangilia, unamwongezea mita ambazo si zake. Ndiyo maana muongozo una maneno maalumu anayoambiwa mpimwaji kila dakika, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, kwamba anafanya vizuri na zimebaki dakika kadhaa. Hakuna zaidi. Mimi nilikuja kulalamika kwamba kuna watu walipima vibaya, kumbe na mimi nilikuwa nakiharibu kipimo kwa upande wa pili.

Tukaanza upya baada ya mama kupumzika. Mara ya kwanza alikwenda mita 378. Akapumzika kama nusu saa, akarudia: mita 405. Kurudia si upendeleo. Miongozo ya mwaka 2014 ya vyama vya madaktari wa mapafu vya Ulaya na Marekani inataka kipimo kifanywe mara mbili na kichukuliwe kilicho kirefu, kwa sababu mara ya kwanza watu wengi wanajifunza tu namna ya kugeuka kwenye koni. Hata kutembea, dada zangu, kuna kujifunza. Sembuse mashine!

Je, 405 ni nyingi au kidogo? Kuna hesabu ya mwaka 1998 ya Marekani iliyofanywa kwa watu wazima wenye afya. Wanawake katika kundi lile walikuwa karibu mita 500 kwa wastani wa katikati, wanaume karibu 580. Lakini umri, kimo na uzito vinaingia. Kwa mwanamke unachukua kimo kwa sentimita mara 2.11, unatoa uzito kwa kilo mara 2.29, unatoa umri mara 5.78, unaongeza 667. Mama ana sentimita 154 na kilo 72 (aliniruhusu kuzitaja, baada ya kunifinya). Inakuja karibu mita 446. Na chini yake wametoa nafasi ya mita 139 kabla ya kusema mtu yuko pungufu ya kawaida, yaani mpaka kama 307. Kwa hiyo mama yangu yuko chini ya katikati, ndani ya kawaida, na ana pa kupanda. Nikubali pia kwamba ile ni hesabu ya Wamarekani, siwezi kuapa kuwa inatukaa sisi sawasawa. Lakini ni hesabu yenye njia inayoonekana, si neno "mdogo sana" lililotupwa kwenye karatasi.

Nikamuuliza bi swali ambalo nadhani na nyinyi munalo: kwa nini basi wasiweke hizo dakika sita kwenye tredimili, wakaokoa nafasi, wakamtazama mtu akiwa mahala pamoja? Akasema wamejaribu. Muongozo wa Marekani wa mwaka 2002 unaitaja kazi moja ya wagonjwa wenye maradhi makubwa ya mapafu waliopimwa kwa njia zote mbili, wakiwa na uhuru wa kuongeza na kupunguza kasi ya mkanda wenyewe. Kwenye mashine walikwenda umbali mfupi kwa wastani wa asilimia 14. Kwangu mimi lililo zito kuliko hiyo 14 ni mtawanyiko wake. Watu waliotembea kama mita 366 kwenye korido, kwenye mashine walitoka na chochote kati ya mita 122 na 396. Huwezi kusema basi tuongeze 14 tutapata jibu. Mmoja mashine inamnyima theluthi mbili, mwingine inamzidishia kidogo. Ndiyo maana muongozo ule haupendekezi tredimili kwa kipimo cha dakika sita.

Na sababu yake mtu yeyote aliyepanda mashine anaijua mwilini. Chini unakwenda, mbele ukuta umesimama. Macho yanasema hujatoka mahala, miguu inasema umetoka. Asiyezoea anafupisha hatua na kuziharakisha, na anashika vyuma. Kushika vyuma nako kuna mambo mawili yanayopingana: kunamzuia mwoga kutembea kwa raha yake, lakini kwa aliyezoea kunambebea uzito. Wale shoga zetu wanaoegemea mikono yote miwili huku kioo kinawahesabia kalori, samahanini, zile kalori nyingine ni za chuma.

Kwenye korido ukipungua pumzi, mwendo unapungua wenyewe, hata hukupanga. Mashine haikusikii. Inakwenda kwa kasi iliyowekwa, na wewe una mawili, uifuate au uombe kuteremshwa. Nilipomsomea mama kwamba jina la mashine hii kwa Kiingereza lilitoka kwenye gurudumu la ngazi la jela za Uingereza, lililobuniwa na injinia William Cubitt mwaka 1818 ili wafungwa wapande bila kufika, alicheka mpaka akafuta machozi. "Ndiyo maana," akasema. "Nilihisi nimefungwa."

Ningependa niishie hapa, mashine imeshindwa na korido imeshinda. Lakini sitakuwa mkweli, kwa sababu ya mama yangu mdogo.

Mama mdogo ana miaka 58, mwembamba, mwepesi, mtu wa kutembea. Aliposikia habari za korido naye akaja, kwa mashindano tu na dada yake. Akaenda mita 470, akajisifu njia nzima kurudi nyumbani. Wiki ile ile ndipo akanisirisha kwamba akipanda ngazi za nyumba ya mwanawe mpaka ghorofa ya tatu, kifua kinambana kama amefungwa kibwebwe, akisimama kinaachia. Kwenye korido hakikumbana, maana korido haikumfikisha huko. Nikamwambia bi, na yeye hakucheka hata kidogo. Akasema huyu aende kwa daktari wa moyo, na huenda akatakiwa apande hiyo hiyo mashine ninayoisema vibaya. Akapanda, mahala pengine, na mwanamke wa kumbana waya, baada ya kufundishwa siku moja kabla namna ya kuingia na kutoka kwenye mkanda. Ngazi ya pili umeme wa moyo ukabadilika na kifua kikabana. Sasa hivi anatibiwa, alhamdulillah. Korido peke yake ingemuaga kwa tabasamu.

Niongeze na hili, kwa kuwa linatuhusu wanawake khasa. Kipimo cha umeme wa moyo kwenye mashine kwa wanawake hupiga kelele za uongo zaidi kuliko kwa wanaume, yaani huonyesha mabadiliko wakati mishipa haina neno. Kwa hiyo ukiambiwa kimeonyesha kitu, usianze kuandika wasia. Uliza kipimo kinachofuata ni kipi.

Basi msimamo wangu ni huu. Kabla hujakubali mzee wako apandishwe popote, uliza: munataka kujua nini? Kama swali ni moyo unapata damu wakati wa kazi nzito, au kifua kinabana, mashine ina kazi yake na korido haiwezi kuifanya. Kama swali ni mama ataweza kutembea, kwenda sokoni, kuzunguka, kurudi, basi mpimeni kwa kutembea, juu ya ardhi iliyotulia, kwa mwendo wake. Na majibu ya kipimo kimoja yasivishwe nguo ya kingine. Mtu akipimwa korido leo, akipimwa tena baada ya miezi mitatu apimwe korido, na ile ile kama inawezekana. Korido fupi ina kugeuka kwingi na inakula mita. Njia ya kuzunguka bila koni inazidisha.

Najua kuna watakaosema nawakatisha tamaa wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Hasha. Tredimili ya nyumbani au ya jimu ya wanawake ni neema kwa dada asiyependa kutembea barabarani chini ya macho ya vijana wa maskani, na kwa mwenye mtoto mchanga asiyeweza kutoka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika za kwenye mkanda zinahesabika kama za Maisara. Nazungumzia kupimana, na hukumu zinazoandikwa baada ya kupimana.

Maana kwetu neno hili uwezo si dogo. Hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, na sote tumelifundishwa hilo tangu chuoni. Sasa ukimwandikia mwanamke wa miaka 66 kwamba hana uwezo, umemgusa mahala ambapo daktari hakukusudia kufika. Mama hakusikia "mapigo hayakufika 131". Alisikia kwamba mlango umefungwa. Na sisi watoto kwa haraka zetu tukaanza kuzungumza habari za kuhijiwa, jambo ambalo ni la mtu asiyetarajia kuweza tena, wakati mama yuko jikoni amesimama anapika.

Upande wa pili, sitaki mtu achukue mita 405 akazigeuza kuwa ruhusa. Dakika sita ni dakika sita. Saa'yi baina ya Safa na Marwa ni korido pia, ukitaka kuiona hivyo, lakini kwenda kule mara saba ni karibu kilomita 3. Kwa mwendo wa mama wa siku ile, mita 67 na nusu kwa dakika, ni kama dakika 45 mfululizo, na hakuna atakayeuweka mwendo ule muda wote huo katikati ya umati, baada ya tawafu. Halafu kuna joto, ambalo hakuna korido ya spitali inayolipima. Mwaka 2024 Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji katika msimu ambao joto la Makka lilipita nyuzi 50, wengi wao wakiwa watu waliokwenda bila kibali, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala gari. Kwa hiyo kibali, kivuli, maji na dawa za presha ni sehemu ya uwezo kama ilivyo miguu. Na miguu ikigoma, kule kuna njia ya viti vya magurudumu na vigari vya umeme. Hayo ni ya kupangwa mapema na kuwekewa fedha, si ya kuonea aibu.

Mama alianza kutembea Maisara baada ya sala ya alfajiri, dakika 15 kwanza, akipanda kidogo kidogo mpaka 40. Siku za mvua anatembea varanda ya skuli iliyo karibu, mlinzi keshamzoea. Varanda za skuli zetu, kwa taarifa yenu, ni korido nzuri mno. Mimi na wanawake wanne wa mtaani tulikwenda Jumapili moja na tepu ya fundi, tukapima mita 30, tukaweka ndoo mbili badala ya koni, tukapimana. Nilipata 552 na nikapitwa na jirani yangu mwenye watoto sita. Ukitaka kufanya hivyo na wenzako, fanya, lakini asiingie mwenye kifua kinachobana, wala aliyepatwa na mshituko wa moyo mwezi uliopita, wala mwenye presha ya juu zaidi ya 180 kwa 100 au mapigo zaidi ya 120 akiwa amekaa. Hao wapimwe penye daktari. Na mtu akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, asimame pale pale, habari za mita ziishe.

Mwezi huu, mfungo tisa, tumerudi kwa yule bi. Korido ile ile, raba zile zile, mimi kwenye kiti mikono mapajani. Mita 441. Zimeongezeka 36, na wanaojua wanasema ongezeko la karibu mita 30 ndilo linaloanza kuwa na maana, chini ya hapo huenda ni bahati ya siku. Alipoulizwa kukosa pumzi kwake ni ngapi, kwenye ile skeli ya Borg ya sifuri mpaka kumi, akasema tatu. Mara ya kwanza alisema tano.

Daktari wa moyo pia amemwona, kwa sababu baada ya habari ya mama mdogo sikutaka kubahatisha. Amempangia kurudia mashine, kwa ngazi nyepesi, na kabla ya hapo ataizoea bila waya siku mbili. Mama amekubali, kwa sharti kwamba raba ziwe zake na mimi niwemo chumbani.

Kaka nimemtumia karatasi zote tatu, ile ya kwanza na mbili za korido, na maelezo marefu ya sauti ambayo najua aliyasikiliza nusu. Amejibu kwamba atalipa, na atatuma na fedha za kiti cha magurudumu mbali. Mama anasema hicho kiti atakaa kaka mwenyewe. Zile fedha nimezishona kwenye mfuko wa ndani wa begi bila ya kumwambia. Begi limetoka uvunguni, liko juu ya kabati, na raba mpya za safari anazivaa ndani ya nyumba kila jioni ili zisije zikamchubua.